Panga vituo vya chakula kabla ya kuukabili mlima

Mzee mmoja alinijia hapa Rapsu akiwa nyuma ya pikipiki, na kati yake na mwendeshaji alikuwa amembana mwanawe asianguke. Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 19. Midomo yake ilikuwa imekauka, jasho baridi lilimtiririka, na kila alipoulizwa jambo hili alijibu lile. "Daktari," mzee akaniambia, "nadhani malaria imempanda kichwani."

Nilimpima malaria, sikuiona. Nikampima sukari ya damu, nikapata 2.4. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu usiku huwa na kiasi cha kuanzia 4 hadi 5.5 hivi. Tulimtilia maji ya sukari mshipani, na kabla ya robo saa kwisha alikuwa ameketi, amemwamkua babake, na anauliza ng'ombe wako wapi.

Ng'ombe walikuwa wametawanyika vichakani. Kijana huyo alikuwa akiwapeleka malishoni upande wa milima ya Nyambene. Aliondoka na unga wa siku tatu, na safari ikachukua siku sita. Siku mbili za mwisho alizimaliza kwa chai ya rangi na miraa. Ugonjwa wake, msomaji mpendwa, ulikuwa njaa, na njaa hiyo ililetwa na hesabu mbaya.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu juma hili. Naona tumezoea kupanga kila kitu cha safari ndefu isipokuwa chakula. Mfugaji atakuambia kila kisima na kila korongo lenye nyasi. Kijana wa mjini anayekwenda kupanda Mlima Kenya atakuonyesha viatu vipya na koti la bei ghali. Waulize wote wawili watakula nini siku ya nne na watakipata wapi, nao watakujibu jibu moja: "Tutaona mbele." Maoni yangu kama daktari ni kwamba neno hilo "tutaona mbele" linafaa kupigwa marufuku katika safari ya mlimani.

Kosa la tangu zamani

Usidhani kosa hili ni la wafugaji na wanafunzi pekee. Mnamo Julai 28, 1899, Mwingereza Halford Mackinder aliondoka Nairobi kwenda kuupanda Mlima Kenya. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Jumla yao ni watu 170 wenye matumbo 170. Mwaka huo nchi ya Wakikuyu ilikuwa katika njaa kubwa na maradhi. Vijiji ambavyo vingeuzia msafara chakula havikuwa na cha kuuza, na baadhi ya wapagazi walipoiba vijijini, uadui ukazuka.

Walipofika chini ya mlima mwezi wa Agosti hawakupata chakula. Watu wawili wa msafara waliuawa na wenyeji. Hatimaye ilibidi watu watumwe hadi Naivasha kuomba msaada, na msaada huo ulipofika ndipo Mackinder alipojaribu tena. Alifika kilele cha Batian, mita 5,199, mnamo Septemba 13, 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Vitabu vingi husifu kufika kwao kileleni. Mimi husoma kisa hicho na kuona kwamba kilichokaribia kuwashinda ni kukosa kituo cha chakula, kabla hata barafu haijawajaribu.

Mwaka 1943 Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita huko Nanyuki walitoroka kambini ili waupande mlima huo huo. Mmoja wao, Giovanni Balletto, alikuwa daktari. Walikuwa wamejiwekea akiba ya chakula kidogo kidogo kwa muda mrefu, na wawili wao wakafika Lenana na kusimamisha bendera yao. Hata hivyo akiba yao haikutosha siku zote walizokaa mlimani, na walirudi kambini wenyewe wakiwa wamedhoofika kwa njaa. Ikiwa daktari aliyepanga kwa miezi alikosea hesabu, sembuse wewe unayepanga usiku wa kuamkia safari?

Mwili una akiba ya kiasi gani?

Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kiasi cha gramu 400 hadi 500. Akiba hiyo hutoa kalori zipatazo 2,000, wala haizidi sana hapo. Mtu anayetembea mchana kutwa akipanda mlima, mzigo ukiwa mgongoni, huweza kutumia kalori 3,000 hadi 4,000 kwa siku. Kwa hiyo anayeondoka asubuhi bila kula, na asile kitu njiani, huishiwa na akiba hiyo kabla ya siku kwisha. Mafuta ya mwili yapo, lakini huchomeka polepole, na ubongo unapenda sukari kuliko kitu kingine chochote.

Dalili zake uzijue. Mtu huanza kutetemeka na kutoa jasho baridi. Huwa mwepesi wa hasira, hukosea njia anayoijua, na maneno yake huvurugika. Mpe kitu kitamu upesi iwapo bado anaweza kumeza: sukari iliyokorogwa katika maji, asali au tende, kisha umpe chakula chenyewe. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni maana atapaliwa. Mlaze ubavu na utafute msaada. Na mkiwa juu sana mlimani, asipopata nafuu katika robo saa, msiseme ni njaa tu. Huenda ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kumteremsha.

Hesabu ya mfuko

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa siku moja, mtembezi mmoja na abebe kiasi hiki: unga gramu 400, sukari gramu 80, samli au mafuta gramu 60, njugu karanga gramu 100, na nyirinyiri gramu 100. Nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa kisha ikahifadhiwa ndani ya samli. Akina mama wa Isiolo huitengeneza vizuri kuliko kiwanda chochote. Vyote hivyo vina uzito wa gramu 740 na hutoa zaidi ya kalori 3,000.

Zidisha sasa. Siku tatu ni kilo 2 na robo. Siku tano ni kilo 3.7. Siku kumi ni kilo 7.4, na hapo hujaweka sufuria, blanketi wala maji. Ndiyo maana nasema mtu asijaribu kubeba zaidi ya chakula cha siku tano. Safari ikizidi siku tano, lazima pawe na kituo cha kujaza mfuko upya.

Maji nayo ni mazito zaidi. Lita moja ni kilo moja, na kwenye joto la nyanda zetu mtembezi huhitaji lita 4 au zaidi kwa siku. Hakuna awezaye kubeba maji ya siku tano. Kwa hiyo anza kwa kuweka alama kwenye vituo vya maji, kisha vituo vya chakula vifuate humo humo. Kituo chenye duka lakini hakina maji hakikufai, kwa kuwa unga haupikiki kwa mate.

Namna ya kupanga vituo

Mtu akitoka Rapsu kwa miguu kuelekea mlimani, nyanda hizi hazimpi mengi. Huku chini tuna mashamba ya umwagiliaji, na Kinna kuna maduka. Akipanda Nyambene atapata masoko ya Maua na Kangeta, kisha mji wa Meru. Kutoka hapo akitaka kuuvuka Mlima Kenya, kituo chake cha mwisho cha kununua chakula cha maana ni mji wa Chogoria upande wa mashariki, au Timau na Nanyuki kwa anayepitia Sirimon. Ukipita lango la mbuga usitarajie duka. Unachokula juu ni ulichobeba wewe au mpagazi wako hadi uteremke upande wa pili.

Fanya hivi. Kwanza, hesabu siku wala usihesabu kilomita. Ng'ombe aliyedhoofika huenda kilomita chache kuliko mwenye nguvu, na mtu aliye juu ya mita 4,000 hutembea nusu ya mwendo wake wa kawaida. Pili, kwa kila siku nne ongeza chakula cha siku moja ya dharura, na siku hiyo usiiguse hadi dharura ije. Akiba haiozi. Tatu, katika kila kituo taja mtu, usitaje mahali tu. "Kangeta" haitakupikia. Mwenye duka uliyezungumza naye, ukamlipa sehemu ya pesa na kumwambia siku utakayofika, huyo ndiye kituo. Nne, beba pesa taslimu kidogo, kwani pesa za simu ni karatasi tupu mahali ambapo hakuna mtandao au betri imekwisha. Tano, mwachie mtu wa nyumbani orodha ya vituo na siku zake. Usipofika kituo cha pili kwa siku iliyotajwa, watajua pa kuanzia kukutafuta.

Aidha, usitegemee barabara itakuwa kama ulivyoiacha. Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilikata barabara sehemu nyingi za kaskazini na kaskazini mashariki, na maduka yaliyokuwa na bidhaa juzi yakabaki matupu. Kila kituo na kiwe na kituo mbadala.

Chakula kisichopikika

Niruhusu nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa udaktari, tulikwenda wanne kuupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Tulibeba maharagwe makavu kwa kuwa ni rahisi na yana protini. Tulipofika kambi ya Shipton, mita 4,200, tuliyateleka. Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Mafuta ya taa yakaisha, na maharagwe yakawa bado yanagonga sufuria kama changarawe. Tukayala hivyo hivyo. Usiku huo wawili wetu walitapika hadi alfajiri, na asubuhi sote tukageuka kurudi. Kilele tulikiona kwa macho tu.

Sababu ni hii. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Shipton huchemka kwa takriban nyuzi 86. Unaona mapovu, lakini chakula hakiivi upesi. Maharagwe mekundu ambayo hayakuiva sawasawa yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Kwa hiyo beba vitu vinavyoiva haraka au vilivyokwisha kuiva: unga wa uji, mchele uliochemshwa nusu, chapati za siku mbili za kwanza, tende, njugu, nyirinyiri. Ndengu zikipikwa nyumbani na kukaushwa hufaa. Maharagwe na githeri mbichi ziache bondeni.

Tena mwinuko huondoa hamu ya kula. Usingoje njaa. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili, hata kama ulimi unakataa.

Miraa, maziwa na mizoga

Msafiri wa kwetu hupita katikati ya mashamba ya miraa ya Nyambene, na wengi huinunua kama chakula cha njiani. Sina nia ya kugombana na wakulima. Miraa ndiyo karo ya watoto wao. Lakini miraa si chakula. Huziba njaa na uchovu, kisha hukausha kinywa na kuondoa usingizi. Ni kama kufunika taa nyekundu ya gari kwa kitambaa na kusema injini haina neno. Yule kijana wa pikipiki hakuhisi njaa hata kidogo. Hilo ndilo lililokaribia kumuua.

Maziwa ni chakula bora, ila mengi hunywewa mabichi malishoni, nayo huleta ugonjwa wa burusela: homa zisizokwisha, maumivu ya viungo na mgongo, jasho la usiku. Yachemshe. Vile vile, mfugaji aliyeishiwa unga huvutiwa na ng'ombe aliyekufa ghafla njiani. Usimpasue wala usimle. Kimeta huua mnyama hivyo, na kwa mwanadamu hakina mzaha. Njaa ndiyo inayowaingiza watu katika hatari hizi, na kituo kilichopangwa vizuri ndicho kinachowaepusha.

Wenye kisukari wasianze safari kama hii kabla ya kuonana na daktari wao, maana dozi ya nyumbani huenda ikazidi mno kwa mtu anayetembea kutwa. Katika mwezi wa Ramadhani, Mwislamu akumbuke kwamba dini yenyewe imempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Amuulize shehe wake. Na anayehara njiani achanganye maji safi lita moja, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe polepole.

Neno moja zaidi. Ukimkuta mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula, usimjaze sinia la ugali kwa huruma. Mwili uliozoea njaa huweza kushtuka chumvi za damu zikavurugika, na moyo ukasimama. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1945 kwa wafungwa waliookolewa mwishoni mwa vita. Mpe uji mwepesi kidogo kidogo, na umfikishe hospitalini.

Wito wangu kwa wazee na serikali

Najua kuna watakaosema, "Daktari, babu zetu walitembea bila mipango yako ya vituo." Sikubaliani nao. Babu zetu walikuwa na mpango. Mborana aliyekwenda mbali alijua katika kila korongo kuna ukoo wake, na busa gonofa, ule utaratibu wa ukoo kumsaidia aliyepungukiwa, ulimwandalia kikombe kabla hajafika. Leo koo zimetawanyika mijini na katika misafara ya mbali unakuta vijana wawili tu nyuma ya kundi la mifugo. Mpango ulikufa, mazoea ya kuondoka na mfuko mwepesi yakabaki.

Wakati wa ukame uliodumu misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, vijana wengi wa kaunti hii walihama na mifugo hadi miinuko ya mbali. Mtu huandikishiwa chakula cha msaada nyumbani kwake, na nyumbani ndiko gunia linakoshushwa. Aliye fora na mifugo, ambaye ndiye anayetembea na kuchoma kalori nyingi kuliko wote, halimfikii.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wazee wa dedha, ambao ndio wanaoamua mifugo ihamie wapi na lini: siku mnapokaa kuamua visima, amueni papo hapo vituo vya chakula, na mtaje ni nani atakayekishika kila kimoja. La pili ni kwa wakuu wa kaunti na wagawaji wa msaada: sehemu ya gunia ifuate njia ya mifugo hadi kwenye visima vinavyojulikana, iwasubiri vijana huko. Haitagharimu kama gharama ya kuwalaza wadini.

Nawe msomaji unayepanga kupanda mlima likizo ijayo, chukua karatasi leo. Andika siku, andika kituo, andika jina la mtu. Ukikuta mahali ambapo huna jina la kuandika, hapo ndipo safari yako itakapokwama.

Yule mzee alirudi kwangu baada ya juma moja kuniarifu kwamba ng'ombe walipatikana, ila ndama wawili. Nilimuuliza kijana yuko wapi. Akasema yuko nyumbani anajitayarisha kuondoka tena, na mamake anakaanga nyirinyiri ya siku nane.